Mgonjwa anaitikia "sí, sí" lakini sukari haishuki: tufanye nini?

Swali: Mimi ni nesi kutoka Kenya, nafanya kazi katika kliniki ya jamii hapa Texas. Wagonjwa wengi wa kisukari tunaowaona wanazungumza Kihispania tu. Mmoja wao ni mzee wa Kimeksiko wa miaka 62. A1C yake (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita) ni 11.2. Ameandikiwa metformini, na insulini ya glajini yuniti 20 kila usiku. Huja na mjukuu wake wa miaka 12, ndiye anayetutafsiria. Kila tunachomweleza anaitikia "sí, sí", yaani "ndiyo, ndiyo", lakini kwa miezi sita sasa sukari haijashuka. Daktari anataka kumwongezea dozi. Simu ya mkalimani ipo, ila tunaambiwa inachelewesha foleni. Je, nijifunze Kihispania? Nianzie wapi?

Jibu: Dada, nianze na dozi, maana hapo ndipo penye hatari ya karibu. Yuniti 20 zilizoandikwa kwenye faili si lazima ziwe ndizo zinazoingia mwilini. Mtu aliyefundishwa kuchoma insulini kwa lugha asiyoielewa anaweza kuwa anachoma nusu, au dawa inamwagikia nje, au hachomi kabisa. Daktari akipandisha hadi 30, kisha 40, sukari itabaki juu vilevile kwa sababu tatizo haliko kwenye dozi. Halafu siku moja atokee mtu wa kumwelekeza vizuri, au alazwe hospitalini nesi amchome kama ilivyoandikwa, yuniti 40 zote ziingie kwa mkupuo na sukari iporomoke usiku wa manane akiwa amelala. Kwa hiyo mwombe daktari akupe ziara moja ya dakika 30, yenye mkalimani, kabla hajagusa dozi. Ila kama mzee anakonda kwa kasi, anatapika, anahema isivyo kawaida au amechanganyikiwa, hayo si mambo ya mafunzo: aonwe na daktari saa hiyo hiyo.

Mjukuu aachishwe kazi hiyo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya Marekani ya 2010, pamoja na kanuni zake za 2024, kinakikataza kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kumtumia mtoto kutafsiri, isipokuwa kwa muda mfupi wakati wa dharura huku mkalimani akitafutwa. Kinakataza pia kumtaka mgonjwa aje na mkalimani wake au amlipie. Huenda umesikia kwamba amri ya rais ya 2000 kuhusu huduma za lugha ilifutwa Machi 2025. Ni kweli imefutwa, lakini kufutwa kwa amri hakukufuta kifungu cha 1557 wala Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ukiambiwa tena kwamba simu inachelewesha foleni, hayo ndiyo ya kumpelekea msimamizi, kwa upole na kwa maandishi.

Sheria kando, mtoto wa miaka 12 atamuulizaje babu yake kama nguvu za kiume zimepungua, kama anakunywa bia mwisho wa wiki, kama anakojoa kitandani? Hayo yote ni maswali ya kisukari. Mzee hatayajibu mbele ya mjukuu, na mjukuu hatayauliza. Atafupisha, na wewe utadhani umejibiwa. Hata mtu mzima wa familia anakosea sana. Mwaka 2012 Glenn Flores na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo yaliyorekodiwa katika idara mbili za dharura za watoto huko Massachusetts, familia zikiwa za wasemaji wa Kihispania. Makosa yaliyoweza kumdhuru mgonjwa yalikuwa 12% ya makosa yote pale alipokuwepo mkalimani wa kazi, 22% alipotafsiri ndugu au mfanyakazi yeyote aliyekuwa karibu, na 20% pasipokuwa na mkalimani kabisa. Maana yake, kuhusu makosa ya hatari, kumtumia jamaa hakukuwa afadhali kuliko kutokuwa na mtu. Na kwa wakalimani waliosoma ukalimani kwa saa 100 au zaidi, kiwango kilishuka hadi 2%.

Mzee akisisitiza mtu wa nyumbani awepo, mkaribishe mke au binti yake kama msaidizi. Akae, asikilize, ajifunze naye kuchoma. Kutafsiri abaki nako mkalimani.

Sasa simu yenyewe. Kliniki nyingi huipiga halafu zinaitumia vibaya, kisha zinailaumu. Kwa mafunzo ya insulini omba video kama kliniki inayo, kwa sababu mkalimani anahitaji kuona mikono. Kama ni simu tu, iweke kwenye spika katikati ya meza. Kabla mzee hajaanza kuongea, mwambie mkalimani kwa sekunde 30: mimi ni nesi, mgonjwa ana kisukari, tunajifunza kutumia kalamu ya insulini, wewe huoni kwa hiyo nitasema kila kitu ninachokifanya. Andika namba ya utambulisho ya mkalimani kwenye faili. Kisha mtazame mzee, usiitazame simu, na umuulize yeye mwenyewe: "Unachoma saa ngapi?" Usiseme "Muulize anachoma saa ngapi." Sentensi moja au mbili, nyamaza, subiri. Ukisema sita kwa pumzi moja, mkalimani atazikumbuka tatu. Ukihisi jibu halioani na swali, mwambie mkalimani arudie swali kama ulivyolisema. Hiyo ni haki yako na wala si kumvunjia heshima.

Tuje kwenye hiyo "sí". Kwa wazee wengi wa Meksiko na Amerika ya Kati, kumwambia daktari "sijaelewa" ni kumkosea adabu, kana kwamba unamwambia hajui kufundisha. Wewe umelelewa mahali ambapo watoto na wagonjwa huitikia "ndiyo" mbele ya mkubwa, kwa hiyo hili huhitaji kufundishwa. Tiba yake ni kuacha kabisa kuuliza "¿Entiende?" (unaelewa?). Uliza kwa namna inayokubebesha wewe mzigo: "Quiero ver si le expliqué bien. Enséñeme cómo se pone la insulina en la casa." Yaani, nataka kuona kama nimeeleza vizuri, nionyeshe unavyoichoma nyumbani. Mwite "usted" daima, yaani "wewe" ya heshima, wala usithubutu "tú", "wewe" ya marafiki, kwa mtu wa umri huo. Wengi hupenda "Don" kabla ya jina lao la kwanza, lakini muulize mwenyewe anapenda kuitwaje.

Siku ya ziara hiyo aje na mfuko mzima wa dawa: kalamu, sindano zake, mashine ya kupimia, vidonge vyote, pamoja na vile vilivyonunuliwa Meksiko na majani anayochemsha. Angalia vidonge kwa makini. Dawa unayoijua tangu Kenya kwa jina la glibenklamidi, Meksiko nako inaitwa "glibenclamida", lakini Marekani inauzwa kwa jina la "glyburide". Meksiko huuzwa pia ikiwa imechanganywa na metformini katika kidonge kimoja. Mgonjwa anaweza kuwa anameza ya huko pamoja na ya hapa bila yeye wala daktari kujua ni dawa ileile, na hiyo huteremsha sukari kwa saa nyingi, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Daktari wa Marekani akiona "glibenclamida" kwenye boksi huenda asiitambue. Wewe utaitambua, kwa hiyo hapa ujuzi wako wa nyumbani una faida kubwa kuliko Kihispania.

Sasa kalamu. Mpe ya mazoezi na pedi ya kuchomea, kaa kimya, mwache afanye kama anavyofanya nyumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usimsahihishe katikati. Utayaona makosa haya, na kila moja lina sababu yake.

Sindano ya kalamu ina vifuniko viwili, cha nje kikubwa na cha ndani kidogo chembamba. Aliyeonyeshwa harakaharaka huondoa cha nje tu, akaibandika kalamu tumboni na kifuniko cha ndani kikiwa bado kipo. Anabonyeza, anasikia mlio, namba inarudi sifuri, anaridhika. Insulini yote imeishia kwenye plastiki au imetiririka kwenye ngozi. Wengine walifundishwa hospitalini kwa sindano za usalama ambazo ngao yake hujirudisha yenyewe, kisha duka la dawa likawapa za kawaida, na hakuna aliyewaambia kwamba hizi za kawaida zina kitu cha ndani cha kutoa. Muulize mzee: "Plastiki ndogo ya ndani unaitupa wapi?" Akishangaa, umepata jibu la miezi sita.

Kosa la pili ni kugeuza kitufe badala ya kukibonyeza. Anazungusha hadi 20, anachoma, kisha anazungusha kurudi 0. Hakuna hata tone lililotoka. La tatu ni kuchomoa mapema: abonyeze hadi mwisho, ahesabu polepole hadi 10, ndipo achomoe; akichomoa upesi utaona dawa inadondoka kwenye ncha. La nne ni kutojaribu kalamu kwanza. Kila mara, kabla ya dozi, azungushe yuniti 2, aelekeze sindano juu, abonyeze, aone tone. Tone lisipotoka arudie, na likikataa kabisa abadilishe sindano. La tano huligundui kwa macho, linataka vidole: papasa tumbo lake. Aliyechoma mahali pamoja kwa miezi hupata uvimbe laini kama mpira chini ya ngozi, na insulini inayoingia hapo hunywewa ovyo, leo kidogo, kesho kwa wingi. Akihamia kwenye ngozi nzima sukari inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo daktari ajue kabla hajahama. Pengine dozi itapunguzwa badala ya kuongezwa.

Muulize pia anaihifadhi wapi. Kalamu ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, zisiguse sehemu ya kugandisha, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka tena. Inayotumika inakaa nje isizidi nyuzi 30, na glajini ya kawaida hutupwa baada ya siku 28 hata kama imebaki. Mtu wa kazi za ujenzi au shambani anayeacha kalamu ndani ya gari, Texas, mwezi wa Julai, anachoma kitu kisicho na nguvu tena. Mwandikie tarehe ya kuitupa juu ya kalamu, na uandike jina la mwezi kwa herufi. Kwake yeye, kama kwetu, 3/4 ni tarehe tatu Aprili; kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi.

Kwenye maneno, yapo machache ambayo yakikosewa yanaumiza, na hayo uyajue hata usipojua mengine yote. Kitenzi "tomar" kinatumika kwa kunywa na kwa kutumia dawa, sawasawa na sisi tunavyosema "kunywa dawa" hata kwa vidonge. Ukimwambia "tome la insulina" unaweza kumpeleka kusiko. Sema "póngase" au "inyéctese", yaani jichome. Ukimuuliza tu "¿Toma?", amesikia unauliza kuhusu pombe. Usimwambie "noche" (usiku) peke yake, mpe saa kamili, "a las 9 de la noche" (saa tatu usiku), na achague saa ambayo kweli yuko nyumbani. "Ahorita" kwa Mmeksiko ni sasa hivi au punde, kwa mtu wa Puerto Rico ni baadaye, kwa hiyo uliache kabisa kwenye mambo ya dozi. "Mareado" hubeba kizunguzungu na kichefuchefu pia, kwa hiyo uliza zaidi kabla hujaandika. Na asemaye "tengo azúcar" anakwambia ana kisukari, kama anavyosema mama wa nyumbani kwetu "nina sukari".

Kibaya kuliko yote ni lebo ya duka la dawa. Neno la Kiingereza "once", yaani mara moja, kwa Kihispania linasomeka kumi na moja. Lebo ikichanganya lugha mbili ikaandika "once al día", mgonjwa makini anayefuata maandishi atameza vidonge kumi na moja. Omba lebo ya Kihispania iliyoandikwa "1 vez al día" kwa tarakimu, kisha uisome mwenyewe kabla hajaondoka nayo, au umwombe mkalimani aisikilize ukiisoma. Namba kwa mdomo nazo zina mtego: "sesenta" ni 60 na "setenta" ni 70, "dos" ni 2 na "doce" ni 12, "seis" ni 6 na "dieciséis" ni 16. Kwenye simu hayo hupotea kirahisi. Dozi na vipimo viandikwe kwa tarakimu, na mgonjwa asome tarakimu mojamoja: dos, cero.

Jambo moja linakuhusu wewe zaidi kuliko yeye. Meksiko hupima sukari kwa mg/dL kama Marekani. Wewe umezoea mmol/L za Kenya. Gawanya kwa 18: 70 ni 3.9, 126 ni 7, 180 ni 10. Ukiwa umechoka mwisho wa zamu usihesabu kichwani, bandika karatasi ukutani.

Kabla hajatoka siku hiyo lazima ajue kuishughulikia sukari ikishuka, kwa sababu kuanzia usiku huo huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuchoma dozi kamili. Mwambie daktari hivyo hivyo, waziwazi: "Inaonekana alikuwa hapati dawa, leo ataanza kuipata." Daktari anaweza kuamua aanze na yuniti chache. Mzee ajue dalili: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Apime; ikiwa chini ya 70 atumie gramu 15 za sukari ya haraka, nazo ni nusu kikombe cha juisi, au kijiko kikubwa kimoja cha sukari au asali, au vidonge vinne vya glukosi. Asubiri dakika 15, apime tena, arudie ikiwa bado. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa, na wengi hukosea kwa sababu wameambiwa ndiyo soda yao. Mke wake naye ajue, na ajue kwamba mzee akizimia hatiwi kitu mdomoni. Apige 911, namba ya dharura, aseme "Spanish", ataunganishwa na mkalimani. Neno hilo moja alifanyie mazoezi hapo hapo kliniki.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu kosa lake ni moja: karatasi iliyofasiriwa kwa Kihispania safi lakini inayozungumzia vyakula ambavyo mzee havijui. Kumwambia aache tortilla ni kama kumwambia Mkisii aache ugali, ataitikia, hatafanya. Hesabu naye. Tortilla ndogo ya mahindi, ya upana wa sentimita 15, ina wanga gramu 15 hivi. Wali uliopikwa, theluthi ya kikombe, nao ni gramu 15. Akila tortilla sita na wali kwa mlo mmoja amepita gramu 100 kabla ya maharage. Tatu na mboga, wali akauacha, ni mpango anaoweza kuufuata. Kopo la Coca-Cola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, na vinywaji vya nyumbani kama horchata (kinywaji kitamu cha mchele) na maji ya matunda yaliyotiwa sukari vinakaribia hapo. Kwa mtu mwenye 11.2 anza na vinywaji, tortilla zisubiri. Nopal, kakati inayoliwa Meksiko, haina tatizo kama chakula, ila isimfanye aache insulini. Na usitumie karatasi moja kwa Walatino wote. Maharage ni "frijoles" kwa Mmeksiko, "habichuelas" kwa mtu wa Puerto Rico, "caraotas" kwa Mvenezuela. Ndizi mbivu ni "plátano" kwa wa kwanza na "guineo" kwa wa pili, na kwa huyo wa pili "china" ni chungwa. Ukimwambia juisi ya kutibu sukari iliyoshuka, iite kwa jina analoliita yeye.

Inawezekana kabisa vilevile kwamba mzee anajua kuchoma vizuri na ameamua kutochoma. Muulize kupitia mkalimani, mjukuu akiwa nje: "Watu wengi wanaogopa insulini. Wewe umesikia nini kuhusu insulini?" Katika familia nyingi za Kimeksiko imani kwamba insulini hupofusha ina nguvu sana, na ina mantiki yake: wamemwona shangazi aliyeanzishwa insulini akapofuka mwaka uliofuata. Usiicheke. Mweleze kwamba shangazi alianzishwa akiwa amechelewa, sukari ilikuwa imeshaharibu macho kwa miaka. Kisha mpangie uchunguzi wa macho upesi, na huo si wa kumliwaza tu. A1C ikiporomoka kwa kasi kutoka juu kama 11, macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzorota kwa muda, kwa hiyo daktari wa macho amwone mapema. Wengine watakwambia kisukari kiliwapata kutokana na mshtuko mkubwa, "susto", au hasira, "coraje". Hakuna haja ya kubishana. Uliza ni nini kilitokea, sikiliza, kisha rudi kwenye kalamu.

Kuhusu programu za kutafsiri kwenye simu: kwa salamu na "kaa hapa, daktari anakuja" hazina shida. Kwa dozi, hapana. Uchunguzi uliochapishwa 2019 ulipima maelekezo ya kurudi nyumbani yaliyofasiriwa na Google Translate: sentensi 92% za Kihispania zilikuwa sahihi, lakini 2% zingeweza kuleta madhara makubwa, na asiyejua lugha hawezi kujua zipi. Kanuni za 2024 zinadai mfasiri mwenye sifa apitie maandishi muhimu yaliyofasiriwa na mashine.

Usimwachie hapo. Lugha hukatika zaidi baada ya mgonjwa kutoka mlangoni: anapiga simu, sauti ya mashine inamwambia kwa Kiingereza abonyeze namba, anakata. Ujumbe wa maabara unaingia kwa Kiingereza, anaufuta. Mpe karatasi yenye namba ya moja kwa moja na neno la kutaja. Kwenye faili, sehemu ya lugha isomeke Kihispania na alama ya kuhitaji mkalimani iwekwe, ili hata mtu wa miadi ajue. Siku ya tatu na ya saba mpigie wewe, mkalimani akiwa tayari kwenye laini kabla mzee hajapokea. Akisikia Kiingereza kwanza atadhani ni wauzaji na atakata. Muombe namba za asubuhi "en ayunas", kabla hajala, kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, asizitoe kichwani. Lengo la watu wazima wengi ni 80 hadi 130, ingawa kwa wazee dhaifu daktari hulegeza. Namba yoyote chini ya 70 mfikishie daktari siku hiyo hiyo.

Kama kliniki yenu haina "promotora", ombeni. Ni mhudumu wa afya wa jamii anayetoka miongoni mwa wagonjwa wenyewe, na Texas humpa cheti cha serikali baada ya mafunzo ya saa 160. Anaweza kwenda nyumbani akaona friji, akaona nani anapika. Kaunti ya Starr, mpakani kando ya Rio Grande, ni mfano wa kutazamwa: Sharon Brown na wenzake waliendesha huko mafunzo ya saa 52 kwa mwaka, kwa Kihispania, yakitolewa na manesi, wataalamu wa lishe na watu wa jamii ambao wenyewe ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kwa vyakula vya huko. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha A1C ya waliofundishwa ikiwa pointi 1.4 chini ya wenzao baada ya miezi sita. Wastani wao ulikuwa bado juu ya 10. Nakuambia hilo ili usivunjike moyo A1C ya mzee wako ikishuka kutoka 11.2 hadi 9.8 badala ya 7: hayo ni mafanikio makubwa na yanaendelea.

Je, ujifunze Kihispania? Ndiyo, jifunze, kwa matumizi mawili tofauti usiyoyachanganya. Salamu, kumwita kwa heshima, kumuuliza kuhusu familia, kumtia moyo: hayo anza leo, matamshi hayatakupa taabu kwa sababu irabu zao tano ni kama zetu. Dozi, dalili, matokeo, ridhaa: hayo yabaki kwa mkalimani hadi utakapofanya mtihani wa ufasaha wa lugha ya tiba na kliniki ikakuidhinisha. Hatari kubwa iko katikati, ukiwa unajua kiasi cha kujiamini lakini hujui kiasi cha kugundua ulichokikosa. Na kama kuna daktari anayezungumza Kihispania vizuri katika mtandao wenu, mwombee mzee ahamishiwe kwake. Uchunguzi uliochapishwa 2017 kwa wagonjwa wa shirika la afya la Kaiser Permanente kaskazini mwa California ulionyesha kwamba Walatino wasiojua Kiingereza vizuri walipohamia kwa daktari wa lugha yao, sukari ilidhibitiwa zaidi.

Swali la mwisho kabla ya kupanga ziara: una hakika Kihispania ndiyo lugha yake? Watu wengi wanaotoka majimbo ya Oaxaca na Guerrero kusini mwa Meksiko, au nyanda za juu za Guatemala, walilelewa kwa lugha za wenyeji kama Kimixteki, Kizapoteki, Kimam au K'iche', na Kihispania chao ni cha sokoni. Mkalimani wa Kihispania ataunganishwa, mzee ataitikia "sí" vilevile, na mtakuwa mmerudi palepale. Muulize: "¿Qué idioma hablaba su mamá en la casa?", yaani, mama yako alizungumza lugha gani nyumbani? Akitaja mojawapo ya hizo, andika lugha pamoja na jina la kijiji au mji wake, kwa kuwa Kimixteki cha mahali pamoja kinaweza kisieleweke mahali pengine. Mkalimani wa namna hiyo hapatikani kwa kupiga tu simu, huwekwa miadi siku kadhaa kabla, na mara nyingi hutafsiri hadi Kihispania halafu mwingine akatoa Kiingereza. Kwa hiyo kila sentensi itapita mikono miwili: badala ya dakika 30, tenga 60.